SHEIKH ALAUD-DIN IBN AN-NAFIS, MWANACHUONI WA KISHAFII ALIYEIONYESHA NJIA YA DAMU

Imam Tajud-Din as-Subki, alipoandika kitabu chake kikubwa cha tabaka za wanavyuoni wa Kishafii, alimtia ndani yake mtu mmoja ambaye leo ulimwengu wamjua zaidi kwa utabibu kuliko kwa fiqhi. Alimsifu kuwa katika tiba hapakuwa na mfano wake juu ya uso wa ardhi katika zama zake, na akataja kwamba wako waliosema kuwa katika kutibu wagonjwa alimpita hata Ibn Sina. Mtu huyo ni Sheikh Alaud-Din Ali bin Abil-Hazm al-Qarshi, mashuhuri kwa jina la Ibn an-Nafis, rehema za Mwenyezi Mungu zimshukie. Yeye ndiye mtu wa kwanza ajulikanaye kuandika waziwazi kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikaenda mapafuni, ikakutana na hewa huko, kisha ndipo ikaingia upande wa kushoto wa moyo.

Alizaliwa yapata mwaka 607 wa Hijra (1210), katika nchi ya Sham, karibu na mji wa Dameski. Zama zile zilikuwa za misukosuko. Wafranki walikuwa wangali wakishika miji ya pwani ya Sham, na alipokuwa mtu mzima Wamongoli waliivunja Baghdad mwaka 656 (1258), wakaingia na Dameski yenyewe miaka miwili baadaye. Juu ya hayo yote darasa hazikufungwa. Misikiti ilikuwa na wanafunzi, na wakfu za wema waliotangulia zilikuwa zikiwalisha.

Tiba aliisoma katika Bimaristani ya Nuri, yaani nyumba ya wagonjwa iliyojengwa Dameski na Sultan Nurud-Din Mahmud bin Zengi. Mahali pale mgonjwa alitibiwa kwa mali ya wakfu, na mwanafunzi alijifunza kwa kumfuata mwalimu wake kitanda kwa kitanda, kisha wakakaa kitako wakasoma vitabu. Mwalimu wake alikuwa Muhadhdhabud-Din ad-Dakhwar, mkuu wa matabibu wa Sham. Ad-Dakhwar alifariki mwaka 628 (1230), naye aliiweka wakfu nyumba yake iwe chuo cha kusomeshea tiba. Kijana Ibn an-Nafis aliyaona haya, na itakuja kudhihiri kwamba hakuyasahau.

Miongoni mwa waliosoma kwa mwalimu huyohuyo alikuwamo Ibn Abi Usaybia, aliyekuja kuandika kitabu kikubwa cha habari za matabibu. La ajabu ni kwamba nakala zilizoenea za kitabu hicho hazina habari za Ibn an-Nafis, ingawa walikuwa rika moja na wenye fani moja. Watu wamesema mengi juu ya jambo hili, wengine wakadhani ni husuda. Dhana si ushahidi, na wote wawili wamekwisha kwenda kwa Mola wao.

Baadaye alihamia Misri akakaa Kairo, na huko alijulikana kwa elimu mbili. Alisomesha fiqhi ya Kishafii katika madrasa ya Masruriya, akaandika sharhe ya kitabu At-Tanbih cha Abu Is-haq ash-Shirazi, akaandika pia katika elimu ya usuli wa hadithi, na katika mantiki na lugha. Abu Hayyan, mfasiri mkubwa wa Qur'ani aliyetunga Al-Bahr al-Muhit, alikuwa miongoni mwa waliosoma kwake. Aliandika vilevile risala moja ya namna ya kisa, inayoitwa Ar-Risala al-Kamiliya, juu ya mtu aitwaye Kamil aliyejikuta peke yake kisiwani na akafika kwa akili yake kuujua ulazima wa kuletwa Mitume.

Hapa inafaa kusema neno. Katika nchi hiyohiyo ya Sham na katika karne hiyohiyo aliishi Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 (1277), ambaye Minhaji yake wanafunzi wa mwambao na wa bara wameisoma vizazi kwa vizazi. Imepokewa kwamba an-Nawawi katika ujana wake aliingiwa na fikira ya kusoma tiba, akanunua kitabu Al-Qanun cha Ibn Sina. Moyo wake ukaingia kiza siku kadhaa asiweze kufanya kitu, mpaka alipokiuza kitabu kile ndipo nuru ikamrudia. Wako wanaoshika kisa hiki wakamkataza kijana kusoma elimu ya mwili. Hawatazami kwamba kitabu kilekile kilichomtia kiza an-Nawawi kilimfungulia mlango Ibn an-Nafis, na wote wawili ni wanavyuoni wa madhehebu moja. Kila mmoja aliwekewa wepesi katika lake. Na imepokewa kwamba Imam Shafii mwenyewe alikuwa akisikitika kuona Waislamu wameipuuza tiba.

Ili kufahamu alilolifanya Ibn an-Nafis, hapana budi kwanza kufahamu watu walikuwa wakiamini nini. Galen, ambaye Waarabu humwita Jalinus, alikuwa tabibu wa Kiyunani wa karne ya pili miladi, mzaliwa wa Pergamon aliyetumika Roma. Yeye alifundisha kwamba chakula kikisagika tumboni huenda katika ini, na huko hugeuka damu. Damu hiyo hutoka katika ini ikaenda viungoni, na viungo vikainywa kama shamba linavyokunywa maji ya mfereji, wala hairudi tena. Sehemu yake huingia chumba cha kulia cha moyo. Kutoka hapo, alisema, kiasi fulani hupenya katika kiambaza kinachotenga upande wa kulia na wa kushoto, kwa kupitia vitundu vidogo visivyoonekana. Kikifika kushoto huchanganyika na hewa, ikazaliwa ile roho inayouhuisha mwili.

Maneno haya yalikaa zaidi ya miaka elfu moja. Ibn Sina, aliyefariki Hamadan mwaka 428 (1037), aliyatia katika Al-Qanun, na akaufanya moyo kuwa na vyumba vitatu. Al-Qanun ndicho kitabu walichokisoma matabibu wote, mashariki na magharibi. Kuyakanusha yaliyomo humo halikuwa jambo dogo, kwa sababu nyuma yake alisimama Ibn Sina, na nyuma ya Ibn Sina alisimama Galen.

Ibn an-Nafis aliandika sharhe ya sehemu za Al-Qanun zinazoeleza maumbile ya viungo, akakiita kitabu hicho Sharh Tashrih al-Qanun. Iko nakala yake iliyoandikwa mwaka 640 (1242). Kwa hiyo alikitunga alipokuwa hajapita sana umri wa miaka thelathini. Alipofika mahali pa moyo alisimama. Alisema kwamba moyo una vyumba viwili tu, si vitatu. Akasema kwamba kiambaza kilicho baina ya vyumba hivyo ni nene na kimeshikamana, hakina tundu la wazi kama walivyodhani baadhi ya watu, wala hakina vitundu vya siri kama alivyodhani Galen. Ikiwa hapana njia pale, na ni yakini kwamba damu hufika upande wa kushoto, basi lazima iwepo njia nyingine. Njia hiyo ni mapafu. Damu hutoka chumba cha kulia katika mshipa mkubwa unaokwenda mapafuni, ikatawanyika humo, ikachanganyika na hewa, kisha ikakusanywa na mshipa mwingine ukaileta chumba cha kushoto.

Hakuishia hapo. Alijiuliza kwa nini mshipa unaoipeleka damu mapafuni una ukuta mnene, na ule unaoirudisha una ukuta mwembamba. Akajibu kwamba wa kwanza umefanywa mnene ili kisichuruzike humo ila kilicho chembamba mno, na wa pili umefanywa mwembamba ili uweze kukipokea kwa wepesi. Na kwa hiyo iko mipenyo baina ya mishipa hii miwili. Mipenyo hiyo hakuiona, wala hakuna aliyeweza kuiona kwa macho matupu. Ilionekana mwaka 1661, alipoitazama Mtaliani Malpighi kwa hadubini katika mapafu ya chura: vishipa vyembamba kama nyuzi za buibui. Alisema pia kwamba moyo haulishwi na damu iliyo ndani ya vyumba vyake kama walivyosema wa kabla yake, bali hulishwa na mishipa iliyotambaa katika nyama yake. Hii ndiyo mishipa ambayo leo, ikiziba, mtu hupatwa na ugonjwa wa moyo wa ghafula.

Je, aliyajua haya kwa kupasua maiti? Katika utangulizi wa kitabu chake alieleza kwamba katazo la sheria na huruma iliyo katika tabia yake vilimzuia kufanya kazi hiyo, na kwamba ameutegemea uchunguzi wa waliotangulia, hasa Galen, ila katika mambo machache. Hata hivyo ndani ya kitabu hichohicho anasema mahali fulani kwamba upasuaji unayakadhibisha waliyoyanena wengine. Kwa ajili hiyo wataalamu wa tarehe wamehitilafiana, na wengine wamedai kwamba alipasua kwa siri. Mtu aliyejieleza mwenyewe kwa ulimi wake haifai kupokewa kinyume cha maneno yake bila ya hoja. Wala si lazima mtu apasue mwenyewe ili aone kwamba maneno mawili hayawezi kuwa kweli pamoja: kiambaza kizima kisicho na tundu, na damu inayopita ndani yake. Hii ni kazi ya faqihi. Faqihi huipokea kauli ya aliyemtangulia kwa heshima, kisha huiuliza dalili yake.

Inapasa pia kusema kwa uadilifu yale ambayo hakuyasema. Siku hizi husikika katika hotuba kwamba Ibn an-Nafis aligundua mzunguko wote wa damu. Sivyo. Aliendelea kuamini, kama watu wa zama zake, kwamba damu huzalishwa na ini, na hakueleza kwamba damu inayokwenda mikononi na miguuni hurudi tena moyoni. Aliijua njia moja katika mbili, ile ya mapafu. Njia ya pili ilithibitishwa na Mwingereza William Harvey katika kitabu alichokitoa mwaka 1628. Harvey alipiga hesabu ya damu inayotupwa na moyo kila unapopiga, akaona kwamba kwa nusu saa tu hupita damu nyingi kuliko iliyomo katika mwili wote. Basi haiwezekani kila mara iwe damu mpya itokayo katika chakula. Hapana budi ni ileile inayozunguka. Kumpa Ibn an-Nafis sifa isiyokuwa yake ni kumdhulumu Harvey, na ni kumdhulumu Ibn an-Nafis pia, kwani yeye maisha yake yote alichukia neno lisilo na hoja.

Leo jambo hili hufundishwa watoto madarasani. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kiasi cha mara 70 kwa dakika, yaani yapata mara laki moja kwa mchana na usiku. Damu ya mtu ni kama lita 5, na moyo husukuma kiasi hichohicho kwa kila dakika. Upande wa kulia hupokea damu iliyotoka mwilini, ikiwa imekwisha hewa yake njema, ukaipeleka mapafuni. Upande wa kushoto huipokea kutoka mapafuni, ikiwa imebadilika rangi na kuwa nyekundu ya kung'ara, ukaisukuma mwili mzima. Pande mbili hizi hupiga kwa pamoja, na baina yao kimesimama kiambaza kilekile alichokisema Ibn an-Nafis. Mtoto akizaliwa na tundu mahali pale huhesabiwa kuwa ana kasoro, na huenda matabibu wakalazimika kuliziba.

Tabia zake zimeelezwa na walioonana naye. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mashavu laini na murua mkubwa. Hakuoa. Alijenga Kairo nyumba nzuri iliyotandazwa marmari, na mlango wake ulikuwa wazi: usiku walimjia maamiri, matabibu na wanavyuoni, kila mmoja akaketi kwa daraja yake. Alipotaka kuandika, aliwekewa kalamu nyingi zilizokwisha chongwa. Akageuza uso wake ukutani, akaandika kutoka moyoni mwake kama maji ya mto bila ya kufungua kitabu. Kalamu ikifa makali huitupa akashika nyingine, asipoteze wakati kwa kuchonga.

Siku moja aliingia hamamu kuoga. Alipokuwa katikati ya kuoga alitoka mpaka mahali pa kuvulia nguo, akataka wino, kalamu na karatasi, akakaa akaandika makala juu ya mapigo ya mshipa mpaka akaimaliza. Kisha akarudi ndani akamalizia kuoga.

Usiku mwingine alikutana na Kadhi Jamalud-Din Ibn Wasil, mwandishi wa tarehe. Baada ya sala ya Isha wakaanza kujadiliana, wakatoka elimu hii wakaingia hii. Ibn an-Nafis alikuwa akisema kwa utulivu, bila ya taabu, na kadhi alikuwa akipandisha sauti, macho yake yamekuwa mekundu na mishipa ya shingo imemvimba. Hawakuacha mpaka alfajiri, na mwisho kadhi mwenyewe akakiri kwamba yeye na wenziwe wana masuala na vipande vya elimu, na hazina yenyewe iko kwa Alaud-Din.

Katika kutibu hakupenda dawa nyingi. Ikiwa chakula chatosha hakuandika dawa, na ikiwa dawa moja yatosha hakuandika iliyochanganywa. Muuza dawa aliyekuwa jirani naye alikasirika, akamwambia kwamba akitaka kuendelea kuwaandikia watu vyakula basi akakae dukani kwa muuza nyama, na akikaa hapo aandike sukari, sharabu na madawa. Hakubadilisha mwendo wake kwa ajili ya faida ya duka.

Alifika kuwa mkuu wa matabibu wa Misri, na akahesabiwa miongoni mwa matabibu wa Sultan adh-Dhahir Baybars aliyetawala mpaka mwaka 676 (1277). Alianza kuandika kitabu kikubwa cha tiba, Ash-Shamil, alichokikusudia kiwe majuzuu 300. Alisafisha majuzuu 80 tu kabla ya mauti. Mwaka 683 (1284) Sultan Qalawun alikamilisha Kairo Bimaristani ya Mansuri, nyumba ya wagonjwa iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Mwezi wa Dhul-Qaada mwaka 687 alishikwa na maradhi, akaumwa siku sita. Matabibu wenziwe walimshauri anywe kidogo cha mvinyo, wakiona ugonjwa wake unakubaliana na dawa hiyo. Alikataa. Aliwaeleza kwamba hatakutana na Mwenyezi Mungu ilhali tumboni mwake mna kitu katika mvinyo. Wao walikuwa wanafunzi wa tiba yake, na yeye aliijua dawa ile kuliko wao. Alifariki alfajiri ya Ijumaa, mwezi 21 Dhul-Qaada 687 (17 Desemba 1288), akiwa na umri wa yapata miaka themanini ya Hijra. Nyumba yake, mali yake na vitabu vyake vyote aliviweka wakfu kwa Bimaristani ya Mansuri, kama alivyofanya mwalimu wake Dameski miaka sitini nyuma. Mahali pa bimaristani hiyo pamejengwa hospitali ya macho, mwanzoni mwa karne ya 20.

Mujaz, muhtasari wake wa Al-Qanun, ulienea kutoka Misri mpaka Bara Hindi, ukanakiliwa na kufanyiwa sharhe nyingi. Kile kitabu cha maumbile chenye habari ya moyo hakikubahatika hivyo. Wachache waliitaja kauli yake katika karne iliyofuata, kisha Waislamu wakaendelea kusomesha maneno ya Galen kana kwamba hapana mtu aliyeyajibu. Ilikuwa rahisi zaidi kuhifadhi muhtasari kuliko kuichunguza hoja. Huko Ulaya, Servetus aliiandika njia ya mapafu mwaka 1553, na Colombo mwaka 1559. Wengi wameuliza kama walimtoa kwa Ibn an-Nafis, kwa sababu Andrea Alpago, aliyekaa Sham miaka mingi, alifasiri baadhi ya maandishi yake yakapigwa chapa Venice mwaka 1547. Lakini katika yaliyopigwa chapa habari ya mapafu haimo, na kadhi hahukumu bila ya shahidi.

Mnamo mwaka 1924 mwanafunzi wa Kimisri, Muhyid-Din at-Tatawi, alikuwa akisomea udaktari Freiburg, Ujerumani. Katika maktaba ya Berlin alikuta nakala ya mkono ya Sharh Tashrih al-Qanun, akaisoma kwa lugha yake, akafika mahali pa kiambaza cha moyo. Akaandika tasnifu yake juu ya jambo hilo. Waalimu wake walistaajabu, wakataka lithibitishwe, tasnifu ikapelekwa Kairo kwa Max Meyerhof, tabibu wa macho wa Kijerumani aliyeijua sana Kiarabu. Meyerhof akachunguza nakala nyingine, akakuta alilolisema yule kijana ni kweli, akalitangaza katika miaka ya 1930. Kutoka nakala ile ya mwaka 1242 mpaka siku hiyo ya Freiburg ilipita miaka 682. Kitabu chenyewe kilipigwa chapa Kairo mwaka 1988, miaka mia saba kwa hesabu ya miladi tangu alipofariki mwenyewe.